Mukono Ulioshika Kamba

4 septemba

Miye Kayitare, mutoto wa vilima vya juu ya Burungu, leo ninaanza kuandika. Léontine, musichana wa watu wa shamba, njo amenituma. Anasema kijana mwenye kuacha masomo katikati ya sekondari anasahau kuandika mbele ndevu hazijamuota. Nikamwambia nitaandika vizuri paka serikali itume muntu kuja kusoma. Akacheka. Kwa hiyo siku ya kwanza tu nimeshashinda.

Kazi yangu: ninapeleka maziwa. Pikipiki iko ya baba yangu mukubwa, Papa Sebarenzi, na tunaiendesha watu wawili, miye na mutoto wake Ngabo. Yeye anashuka na maziwa ya asubuhi, miye na ya jioni, paka kwa Papa Nsengimana, mwenye kutengeneza fromaji, ile jibini ya maziwa yetu, kule barabarani ngambo ya daraja. Ngabo iko na nguvu. Miye niko na sura.

7 septemba

Léontine alisoma karatasi ya kwanza. Alisahihisha maneno mengi na kuhusu sura hakusema kitu. Muntu akikosa la kupinga ananyamaza.

9 septemba

Leo niandike mambo ya barieri, juu watu wa mbali wanaweza kufikiri tunaonewa.

Mbele ya daraja polisi waliweka muti wa kufunga njia. Kila motari wa maziwa, mwenye pikipiki kama sisi, akifika, anawamiminia kikombe kimoja cha bati, kisha muti unainuka. Haiko ushuru. Iko vile mvua iko. Anayepokea sana njo mukubwa wao, brigadye Lokwa, muntu wa mbali, Kiswahili yake inatembea na fimbo. Anakunywaka akiwa amesimama, povu inabaki juu ya mudomo, na kila siku ananisalimia namna moja: "Petit, bado uko hai?" Na miye: "Shefu, kifo kilinikuta natengeneza nywele, kikaogopa kungoja." Anacheka paka kofia inaanguka. Sisi tunamuita Papa Maziwa.

Na hatumupi kwa kununa. Mwaka jana wezi walichukua ng'ombe za Papa Sebarenzi, na Lokwa njo aliingia porini na bunduki yake akazirudisha zote. Tangu siku ile Mama Mukantabana, mama ya Ngabo, anaagizaga: "Kikombe cha Papa Maziwa kijae." Kinajaa.

13 septemba

Mvua ya kwanza. Ngabo ameanguka mara mbili kwenye kona, miye hata moja. Nimeandika ili ijulikane.

19 septemba

Ngabo amekufa.

20 septemba

Jana mukono ulikataa. Leo niandike yote, juu naona watu wanaanza kuyapindua.

Ilikuwa asubuhi, mvua inapiga. Miye nilikuwa nimetangulia kwa miguu kwa Papa Nsengimana, ngambo ya daraja, nangoja Ngabo afike na pikipiki. Nikasikia mulio moja. Papa Nsengimana akasema, "Iyo haiko radi." Tukakimbia.

Aliyeona kwa macho njo Papa Nzabandora, baba ya Léontine. Shamba lake la maharagi linagusa daraja, alikuwa analima mistari ya chini. Anasema hivi: muti ulikuwa umeinuka, juu gari ya mizigo ilikuwa imetoka kupita. Ngabo akashuka nyuma yake. Udongo ule ukilowana, freno ya kusimamisha pikipiki inabaki jina tu. Ukisimama juu ya mbao za daraja zenye maji, pikipiki inakutupa mutoni, kila mutoto wa hapa anajua. Hakusimama. Aliinua mukono, namna ya kusema nikirudi nitawapa. Alishafika ngambo. Lokwa akatoka chini ya hema, akaelekeza bunduki, akapiga.

Risasi ilipita kwanza mu bidon ya maziwa iliyofungwa nyuma, kisha mu mugongo. Tulipofika maziwa yalikuwa yanatoka kwenye tundu taratibu, yanaingia mu maji ya mvua, na njia yote ilikuwa nyeupe. Ngabo alikuwa amelala juu ya ubavu na kofia yangu kichwani. Aliniibia kofia ile asubuhi. Nilikuwa nimejipanga kumutukana.

Lokwa alikuwa amesimama upande ule mwingine. Nilimuita. Sikumuita shefu wala Papa Maziwa, nilimuita kwa jina. Aliingia chini ya hema, juu mvua ilikuwa nyingi.

21 septemba

Tumemuzika. Watu wa ng'ombe na watu wa shamba wote walikuja, kitu ambacho sijaona tangu nizaliwe. Papa Nzabandora na wanawe walichimba, tena kaburi la pembe sawa, kwa majembe ya maharagi. Padri alisoma. Mama Mukantabana hakulia. Alikuwa anaosha ile bidon, kisha Papa Sebarenzi akamukamata mukono polepole: "Mama Ngabo, acha. Iyo tundu njo itasema mbele ya tribinali." Akaitundika juu ya nguzo ya nyumba.

Vijana tulitaka kushuka kuchoma ile hema. Miye njo nilisema kwa nguvu kuliko wote, si kwa kujisifu, sauti yangu iko tu vile. Papa Sebarenzi akasimama mulangoni.

"Sitaki damu," alisema. "Sitaki hata afe mu gereza. Nataka huyu muntu asimame mbele ya bantu, aseme juu ya nini alipiga. Akisema, nitalala."

Papa Nzabandora akajibu: "Na miye nitasimama upande wake mwingine, niseme nilichoona. Banitafute hata usiku."

Nilimutazama Papa Sebarenzi. Muntu mufupi, suruali imefungwa na kamba. Nilimuona murefu.

24 septemba

Radio imesema muntu mwenye silaha alivunja barieri, polisi wakajitetea, na uchunguzi unaendelea. Silaha ya Ngabo ilikuwa maziwa. Naona ilikuwa ya hatari, juu fromaji yake ilishinda za wote.

29 septemba

Tumetembea paka kwa komanda wa polisi, wazee, mama, vijana, wachungaji na fimbo zao, walimaji bila majembe ili wasiseme tumebeba silaha. Léontine alisoma maneno kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Miye nilibeba bidon juu ya kichwa, tundu mbele ili kila muntu aone. Nilifanana na mufalme wa kitu kibaya.

Komanda alitoka. Muntu munene, sauti ya pole, mikono safi. Alitoa kofia mbele ya Mama Mukantabana. Alisema Lokwa ameshatolewa pale, iko chini ya ulinzi, na magistra wa kijeshi, mwenye kuhukumu polisi na waaskari, atatoka mujini kuja kusikiliza hapahapa, mbele ya watu wote. "Barabara ikikauka kidogo," alisema. Watu wakapiga mikono. Na miye nilipiga. Léontine hakupiga.

"Juu ya nini haupigi?" nikamuuliza.

"Nangoja barabara ikauke," akasema.

3 oktoba

Polisi wapya kwenye barieri. Sasa wanaomba vikombe viwili. Nimeuliza cha pili iko cha nani. "Cha ulinzi," wakasema. Ulinzi iko na kiu.

6 oktoba

Mvua inaendelea. Uchunguzi pia.

11 oktoba

Mvua inaendelea. Kona ya juu imebomoka. Nimeanguka mara tatu. Ngabo, usicheke.

17 oktoba

Leo komanda alileta ng'ombe.

Ilikuwa saa za kukamua, mvua inapiga kutoka upande, ile ya baridi inayoingia mu masikio. Tukaona polisi wawili wanapanda kilima na kamba, nyuma ya kamba ng'ombe, nyuma ya ng'ombe komanda na mwavuli. Ng'ombe wa kahawia, kichwa muzuri, tumbo kubwa. Alikuwa na mimba. Walikuwa wanamuvuta kama wanavuta gari iliyokwama, juu hawa watu hawajui ng'ombe. Alikuwa anatetemeka ngozi yote, magoti ya mbele yanakataa.

Komanda alisimama mu kiwanja. "Papa Sebarenzi," alisema, "sisi pia tuko bazazi. Hatukuja kwa kesi. Tumekuja kufuta machozi ya mama."

Papa Sebarenzi alikuwa kwenye mulango, mikono nyuma. Nilijua anakataa. Niliona kidevu chake. Lakini kwetu muntu hakatai ng'ombe kwa kinywa. Anayefukuza ng'ombe anafukuza batoto, wazee banasema, na jina lake linakufa pamoja naye. Kwa hiyo alinyamaza, juu njia ya kukataa njo iyo: unanyamaza, haugusi kamba, paka mwenye kuleta achoke arudi nayo. Anayeshika kamba, yeye amepokea. Hata mutoto wa miaka mitano anajua.

Wakangojana. Mvua inapiga. Komanda chini ya mwavuli, Papa Sebarenzi chini ya majani ya nyumba, na ng'ombe katikati bila kitu.

Kisha mbele ya macho yetu ng'ombe akateleza. Kiwanja kinainama upande wa kisima, chini yake iko mawe. Miguu ya nyuma ikaenda, tumbo likazunguka, na yule polisi mwenye kuvuta, kwa kuogopa, akaachilia kamba. Aliiachilia kabisa.

Sikuona Papa Sebarenzi akitoka mulangoni. Nilimuona tu mu matope, amepiga magoti, kamba imezunguka mukono mara mbili, mugongo umeegemea ng'ombe asianguke, na anasema naye ile sauti ya chini tunasemaka na ng'ombe mwenye mimba: tulia, mama, tulia. Ng'ombe akatulia. Akaweka pua juu ya bega lake.

Pale njo polisi wa pili alitoa telefone akapiga picha.

Komanda hakucheka. Alifunga mwavuli, akasema, "Mungu awabariki, Papa," wakashuka. Papa Sebarenzi alibaki mu mvua na kamba mukononi. Mama Mukantabana aliiangalia kamba, kisha akamuangalia yeye. Akaingia ndani.

18 oktoba

Sijamusalimia Papa Sebarenzi leo. Muntu asiyeweza kulinda mukono wake.

19 oktoba

Habari imeshuka mabonde yote. Kwenye soko wamama wa shamba wanasema: hawa watu wa ng'ombe, uwapige risasi, kisha uwape ndama, kesho wanakuita shemeji.

Nilienda kwa Papa Nzabandora. Alikuwa anapanga miti ya maharagi. Hakuniambia nikae.

"Papa," nikasema, "kamba ilikuwa inaenda. Ng'ombe alikuwa anaanguka juu ya mawe."

"Kayitare, mutoto wangu, nakuamini."

"Basi magistra akikuja utasema ulichoona?"

Alichagua muti mumoja, akaupima kwa jicho, akautupa. "Miye shamba langu linagusa barieri. Kila siku banaona mugongo wangu. Nilikuwa tayari kusema juu niliona baba ya marehemu amesimama. Sasa ng'ombe iko kwake. Nikisema, itakuwa miye peke yangu niko na kesi na polisi, kwa muntu ambaye benye kumuzaa bameshapatana. Nitakuwa nani pale?"

"Shahidi," nikasema.

"Mujinga," akasema. Hakuwa ananitukana. Alisema kwa pole.

Léontine alinisindikiza paka kwenye mufereji. Nilikuwa na maneno mengi ya kumutania, yote yalibaki nyumbani.

22 oktoba

Nilimuambia Papa Sebarenzi: turudishe. Akafungua kamba. "Kurudisha ng'ombe mwenye mimba iko laana," alisema, "lakini laana imeshaingia, itapata mwenzake."

Tukashuka naye paka barieri, pole pole, yeye mbele anamuchagulia njia, miye nyuma. Polisi walitoka chini ya hema.

"Tumerudisha ng'ombe ya komanda," nikasema.

"Ng'ombe gani?" mumoja akauliza.

"Iyi."

Wakaizunguka. "Iyi iko na kitambulisho?" Wakacheka. "Petit, sisi tulileta ng'ombe? Nani aliona?" Mwingine akasema tukiiacha pale watatuandikia kosa la kufunga barabara. Na mwingine, mutoto mutoto, nafikiri umri wangu, akasema kwa sauti ya chini, "Papa, rudi naye. Hapa bataichinja."

Tulimufunga kwenye muti mumoja ngambo ya barabara, tukapanda. Papa Sebarenzi hakugeuka hata mara moja. Lakini kila hatua ilimuuma, nilisikia anavyovuta pumzi.

23 oktoba

Asubuhi ng'ombe alikuwa mu kiwanja, kamba imekatika inaning'inia. Alipanda peke yake mu mvua. Alitafuta muntu mumoja kwenye hii inchi aliyemusemesha vizuri.

Mama Mukantabana akasema, "Wekeni majani. Yeye hakupiga risasi."

27 oktoba

Ng'ombe wetu wote wana majina na wanayaitika. Huyu Papa Sebarenzi hamupi jina. Anamuita "wewe".

2 novemba

Mvua inaendelea.

6 novemba

Papa Nsengimana wa fromaji iko muntu wa kunyamaza, lakini leo alikuwa amekunywa kidogo. Aliniuliza: "Ng'ombe ya komanda anakula vizuri?" Nikasema hiyo ng'ombe haina mwenyewe. Akasema, "Iko na mwenyewe. Iko yenu."

Nikamuuliza namna gani. Akaniambia kila jioni polisi wa barieri walikuwa wanamuletea maziwa mu bidon kuuza. Vikombe vya pili. Motari wote wa kilima hiki, na wa kilima kile kingine, kila muntu vikombe viwili, asubuhi na jioni, tangu wale polisi wapya wafike. Na pesa za maziwa yale njo zilinunua ng'ombe kwenye soko la Kitchanga. "Miye nilifikiri bananunua sabuni," alisema.

Nilicheka, nilicheka paka Papa Nsengimana akaogopa. Ni maziwa yangu mwenyewe yaliyopanda kilima kuja kunifuta machozi.

Sikumuambia Papa Sebarenzi. Nilikuta anamufuta yule ng'ombe mugongo kwa majani makavu, na mvua inamupiga yeye. Nikaona kwamba nilimukasirikia kwa kuokoa ng'ombe, kitu kilekile ambacho kila muntu alimusifu Lokwa nacho siku aliporudisha zile za wezi. Mukono wake haukujifunza kuachilia. Sisi wote tulilelewa na mukono ule.

14 novemba

Magistra amekuja.

Alikuja na gari mbili, viatu vyekundu kwa matope, muntu mwembamba mwenye kukohoa. Waliweka meza mu salle ya masomo. Watu walikuja, si kama siku ya kutembea, lakini walikuja. Papa Nzabandora hakuwa pale. Léontine alikuwa pale peke yake, upande wa nyuma. Nilitafuta Lokwa. Nilitazama kila kofia. Hakuwa pale.

Papa Sebarenzi alivaa koti ya ndoa yake. Aliweka bidon juu ya meza. Magistra aliizungusha, akaingiza kidole mu tundu, akatikisa kichwa. Niseme ukweli: aliiangalia kwa macho ya muntu. Akauliza, "Risasi iliingia nyuma?"

"Nyuma," Papa Sebarenzi akasema.

"Kuna aliyeona?"

Léontine akasimama. "Baba yangu aliona."

"Baba yako iko wapi?"

"Iko mu shamba."

"Atakuja?"

Léontine alibaki amesimama. Kisha akakaa, akafunika uso.

Komanda akasogea na telefone. "Mutukufu, sisi kwa upande wetu tulishafanya namna ya wenyeji. Tuliheshimu mila." Akaonyesha.

Magistra alitazama picha. Akaigeuzia Papa Sebarenzi. "Papa, huyu ni wewe?"

"Ni miye."

"Na iyi mukono imeshika kamba ni ya nani?"

Angeweza kusema uongo. Miye ningesema, niko na uongo wa kutosha kwa familia yote. Papa Sebarenzi alitazama mukono wake, akaugeuza ndani na inje. "Iko mukono yangu," alisema.

"Kwa mila yenu, anayeshika kamba amepokea ao hajapokea?"

"Amepokea."

Pale njo nilisimama. "Ng'ombe alikuwa anaanguka," nilisema, kwa ile sauti yangu. "Aliteleza. Kiwanja chetu kinainama."

Watu wakacheka. Hawakunicheka kwa ubaya, walicheka juu iko kweli, na ukweli ule ulikuja umevaa suruali ya mutoto. Hata magistra alicheka kidogo. Komanda alicheka sana. Mwaka wote nilitafuta kuchekesha watu wengi hivyo kwa mara moja.

Papa Sebarenzi alingoja kicheko kiishe. "Sikuomba ng'ombe," alisema. "Niliomba yule muntu asimame hapa, aseme juu ya nini. Iko wapi?"

"Papa," magistra akasema polepole, "ulipokea." Akaandika kwa Kifaransa. Akasoma: pande mbili zimepatana, hakuna shahidi, dosye ya kesi inafungwa. Akakohoa. Walitaka kupita daraja mbele maji hayajapanda.

Bidon ilibaki juu ya meza. Niliibeba. Kurudi nilitembea tundu ikiwa nyuma.

15 novemba

Mvua.

20 novemba

Léontine na baba yake hawasemezani. Nilikutana naye kwenye mufereji. Akaniuliza kama bado naandika. Nikasema ndiyo. "Unaandika nini?" Nikasema hali ya hewa.

28 novemba

Mama Mukantabana ametoa bidon kwenye nguzo. Alimupa fundi, akaziba tundu kwa plastiki ya moto. Nilitaka kumukemea, lakini Papa Sebarenzi akasema, "Acha. Bidon iko bidon." Sasa ina alama nyeusi ukubwa wa kifungo. Haivuji.

3 desemba

Motari mumoja ametoka Walikale. Anasema Lokwa hakuwa amefungwa hata siku moja. Alipelekwa kule njia ya Bisie, kwenye barieri ya wabeba mizigo wa madini. Kule njo polisi wanaombaka kupelekwa. Wanatoa zawadi ili wapelekwe. Sisi tulitembea vilima vyote na bidon juu ya kichwa ili yeye apandishwe cheo.

Sikumuambia muntu. Kazi yangu sasa njo kutoambia watu.

14 desemba

Ng'ombe amezaa asubuhi, ndama ya kike. Alizaa bila shida, Papa Sebarenzi alimusaidia kwa mukono uleule. Ndama alisimama mara ya pili tu. Sijaona ndama muzuri hivyo, na siandiki kwa kujisifu.

Kwetu maziwa ya kwanza, umuhondo, yanakunywiwa na watoto wa nyumba, kwa furaha, na muntu anatoa jina. Mama Mukantabana alikamua kidogo mu kibuyu. Akakiweka katikati. Mutoto wa nyumba alikuwa mumoja, na iko chini ya udongo. Tulikikalia kile kibuyu paka maziwa yakaganda. Kisha Mama Mukantabana akakibeba, akamurudishia ndama.

Hakuna aliyetoa jina.

25 desemba

Noeli. Mama Mukantabana hakuagiza kikombe kwa muntu. Tulienda misa, tukarudi. Mvua kidogo.

2 januari

Maziwa ya yule ng'ombe yamekuwa mengi kushinda ya wote. Papa Sebarenzi amesema yaingie mu bidon pamoja na mengine, juu kumwaga maziwa iko zambi. Sasa miye njo ninashuka asubuhi na jioni, peke yangu. Kwenye barieri wamerudi kwa kikombe kimoja. Watu wanasema: munaona, komanda iko muntu muzuri.

7 januari

Jua. Barabara imekauka.

Asubuhi nilishuka na bidon ya alama nyeusi. Ndani ilikuwa maziwa yake tupu, ya yule tunayemuita wewe, juu ng'ombe wengine walikuwa wamepelekwa malisho ya juu. Kwenye daraja muti ulikuwa chini. Akatoka muntu chini ya hema. Viatu vipya, tumbo jipya, saa kubwa mukononi.

"Petit," alisema, "bado uko hai?"

Kinywa changu kilikuwa na maneno ya musimu muzima. Niliyatengeneza usiku mwingi, mengine yalikuwa mazuri sana. Nikashusha bidon. Yeye akaleta kikombe, kilekile cha bati. Nikamimina. Alikunywa akiwa amesimama, polepole, macho yamefungwa, na povu ikabaki juu ya mudomo.

"Kule Walikale hakuna maziwa," akasema. "Iyi iko tamu. Iko ya ng'ombe ya nani?"

"Ya Ngabo," nikasema.

Akafikiri. Alifikiri kweli, alikunja uso.

"Ngabo njo nani?"

Nilimutazama vizuri. Nilitafuta uongo, na uongo miye nautambua, ni jirani yangu. Haukuwepo. Aliuliza namna muntu anauliza njia. Hakuna aliyemuita mbele ya magistra. Hakuna aliyemuuliza kitu. Tangu asubuhi ile ya mvua hakuna muntu hata mumoja aliyemutajia jina.

Akanyoosha kikombe. "Ongeza kidogo."

Nikaongeza. Muti ukainuka.

Jioni nilikuta Papa Sebarenzi mu kiwanja, anamufuta ng'ombe mugongo. Ndama ilikuwa inamulamba suruali. Hakugeuka. Aliuliza, kama anavyouliza kila siku, leo nani alikuwa kwenye barieri.

Nikamuambia: polisi tu.